Kadi ya Mwenza

“Hiyo umeitoa wapi?”

Hapo ndipo tulipokatia wiki iliyopita. Fundi amesimama mlangoni mwa chumba cha kulala, taulo kiunoni, povu la sabuni bado liko sikioni. Mkewe ameketi ukingoni mwa kitanda na kadi ya kijani mkononi, kadi aliyoikuta ndani ya buti la kazi la mumewe. Buti lenyewe alikuwa analisafisha kwa mapenzi yake tu. Hakutumwa na mtu.

“Nimekuuliza, umeitoa wapi?”

“Ndani ya buti lako. Chini ya soli.”

Fundi akacheka. Alicheka haraka mno, kabla hata hajapata cha kuchekea.

“Aa, hiyo! Hata umenikumbusha. Kule kwenye jengo wametupima sote, mafundi umeme, waashi, mpaka mpishi. Utaratibu wa kampuni.” Akafungua droo yake, akapekuapekua, akatoa kadi nyingine ya rangi ya waridi. “Hii ni yako. Wake nao wanapimwa. Nilitaka kukupa, nikapitiwa. Si unajua kazi zilivyo?”

Mkewe akaipokea. Na hapo, msomaji, Fundi alijitia kitanzi kwa mkono wake mwenyewe.

Kazini kwake mwanamke huyu anaitwa Bi Wino, kwa sababu ana miaka tisa katika kiwanda cha uchapaji na vidole vyake havijawahi kutakata. Kadi zile alizichapa yeye. Miezi minne iliyopita kliniki ya mtaa wa pili ilileta oda ya vitabu mia mbili, na yeye ndiye aliyezipanga, akazikata, akazipaka gundi kichwani. Karatasi moja ya kijani, kisha tatu za waridi zenye namba ileile, ila pembeni zina herufi: A, B, C. Na ni yeye aliyemuuliza muuguzi aliyekuja kuzichukua, hizi herufi ni za nini?

“Za wenza,” muuguzi alimjibu. “Aliyekutwa na ugonjwa wa zinaa tunampa ya kijani. Hizi za waridi anawapelekea aliolala nao, ili nao waje watibiwe. Anayetajwa kwanza anapata A, wa pili B.”

Siku ile kiwanda kizima kiliangua kicheko, na Bi Wino alicheka kuliko wote. Sasa aliitazama kadi iliyokuwa mkononi mwake. Ilikuwa na herufi B.

Miaka saba ya ndoa, na mumewe hakuwahi hata siku moja kumuuliza, mke wangu, huko kazini mnachapa nini?

“A iko wapi?” aliuliza.

“A gani tena?”

“Mume wangu, A iko wapi?”

“Hizo ni alama zao tu za ofisini. Labda ilichanika.”

“Haichaniki. Gundi nimeipaka mimi.”

Fundi alikaza fundo la taulo. Kijasho chembamba kilianza kumtoka juu ya mdomo, na mtu ametoka kuoga sasa hivi.

“Na namba ya hii ni ileile ya kadi yako ya kijani, na ugonjwa uliujua,” Bi Wino aliendelea. Sauti yake ilikuwa chini, na mwenyewe aliishangaa. “Hapa pana tarehe. Siku kumi na tisa zimepita tangu wakupe hii kadi. Siku kumi na tisa umelala na mimi kitanda kimoja. Jumapili hii, tumetoka kula mchana, wewe mwenyewe ndiye uliyeniita chumbani. Ulikuwa unajua?”

“Nilishachomwa sindano.”

“Nimekuuliza ulikuwa unajua?”

“Ningekukwepa ungeniuliza kwa nini.”

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayetoa hoja yenye maana. Bi Wino aliyasikia maneno yale yakimwingia moja kwa moja moyoni. Ingekuwa ni habari ya mwanamke mwingine tu, angelia, akatukana, akaondoka zake. Lakini kwamba mumewe aliona bora mkewe augue kuliko yeye aulizwe swali! Hilo hakuwa na pa kuliweka.

“Ni nani?”

“Mtu wa mara moja tu. Yalikuwa ya kule kule kwenye jengo, na yamekwisha. Naapa kwa mama yangu mzazi.”

Bi Wino akasimama, akavaa viatu. Kuna jambo ambalo mumewe hakulijua, na asubuhi hii hakustahili kuambiwa. Siku zake zilikuwa zimepita, siku ya ishirini na mbili leo. Mara mbili alishashika mimba, na mara mbili zikatoka kabla hajazizoea. Hii ya tatu alikuwa ameificha hata kwenye mawazo yake, ili isishtuke.

Saa nne kasoro alikuwa kliniki. Ilikuwa Jumatano, na benchi la nje lilikuwa halijajaa.

“Bi Wino!” Muuguzi aliyeitwa Sista na wote alimpokea kwa furaha. “Umetuletea vitabu vipya?”

“Leo nimeleta kadi moja tu.”

Akaiweka ya waridi juu ya meza. Sista akaitazama, akanyanyuka, akafunga mlango. Aliporudi kukaa alikuwa ameiacha ile furaha nje.

“Pole, dada. Nitakuuliza mambo mengi na mengine yatakuudhi. Una dalili yoyote? Kidonda, uchafu, maumivu ukienda haja ndogo?”

“Sina chochote. Ndiyo maana nilitaka kumwamini.”

“Kutokuwa na dalili hakuna maana. Wengi hawana. Kaswende inaweza kukupa kidonda kisichouma, kikapona chenyewe, na yenyewe ikabaki kwenye damu. Kisonono kwa mwanamke mara nyingi hakisemi kitu. Leo nitachukua damu na nitapangusa ukeni kwa pamba, na mengine tutayarudia, kwa sababu ugonjwa ulioingia juzi leo haujaonekana bado. Mara ya mwisho kukutana bila kondomu ilikuwa lini?”

“Jumapili. Saa nane mchana.”

Sista akaiangalia saa ya ukutani. “Mwenzako amepimwa virusi vya UKIMWI?”

“Si mnaye kwenye kumbukumbu zenu?”

“Siwezi kukuambia ya mtu mwingine. Kama nisivyoweza kumwambia ya kwako. Mpigie umuulize.”

Bi Wino akapiga pale pale. Simu iliita mara moja tu.

“Ile nyingine nilikataa,” Fundi alisema, sauti ndogo. “Nilikubali kaswende tu. Ile nyingine sikutaka kujua.”

“Basi njoo upimwe.”

“Nakuja sasa hivi, mke wangu. Nakuja.”

Sista aliposikia hivyo akavuta kiti karibu. “Sikiliza vizuri. Ziko dawa za kinga. Ukizianza ndani ya saa sabini na mbili, zinaweza kuzuia virusi visikushike. Unazimeza siku ishirini na nane. Saa zako zinaisha leo saa nane mchana. Hazifuti yaliyopita kabla ya Jumapili, hayo tutayafuata kwa vipimo. Ila hii moja tunaweza kuiwahi. Mimi nakushauri uanze sasa. Akipimwa akakutwa hana, tutaongea upya.”

“Nina mimba,” Bi Wino alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Lilisikika kama habari za mtu mwingine.

“Basi ndiyo sababu zaidi. Wajawazito wanapewa dawa hizi kila siku.”

“Mbili zimeshatoka, Sista. Sijawahi kumeza hata ya kichwa tangu nilipohisi hii.” Akashika ukingo wa meza. “Anakuja. Akikutwa hana, sitakuwa nimemeza bure. Niache nimsubiri.”

“Kila saa inayopita dawa inapungua nguvu. Sitakulazimisha, lakini kusubiri siyo ushauri wangu.”

“Anakuja,” alisema tena.

Unashangaa, msomaji? Mwanaume amemchezea shere siku kumi na tisa, na bado anamtegemea aje kwa wakati! Lakini miaka saba haitoki mwilini kwa asubuhi moja. Mkono wake ulishazoea kumtegemea yule mtu, ukaendelea tu.

Akatolewa damu, akapanguswa, akaambiwa asubiri majibu ukumbini. Alipotoka akaketi kwenye benchi, akainua macho.

Mbele yake alikuwa ameketi mama mkwe wake.

Kwanza alifurahi. Ndiyo, alifurahi! Mama huyu ndiye aliyemkanda mgongo zile mara mbili mimba zilipotoka. Hajawahi kumwita mkwe. Humwita mwanangu.

“Mama! Nani kakuambia niko hapa?”

Mama mkwe akashtuka, nusura pochi imdondoke. Ndipo Bi Wino alipokiona alichokuwa ameshika pamoja na pochi. Kadi ya waridi.

Kwa dakika nzima hakuelewa. Akili ilikataa. Akawaza mambo ya ajabu ambayo hata kuyaandika naona haya.

“Hii ni ya mtu,” Mama mkwe alisema harakaharaka, akiifunika kwa kiganja. “Nimemshikia tu.”

“Nioneshe herufi, Mama.”

“Herufi gani, mwanangu?”

“Mama, nioneshe.”

Hakukuwa na haja. Mlango wa maabara ulifunguka, akatoka binti mrefu, nywele zake mwenyewe amezisuka kwa ustadi, pamba ameibana kwenye mkono. Akaja moja kwa moja pale kwenye benchi.

“Tayari, Mama,” alisema. “Wameniambia tusubiri.”

Mama. Lile neno lilimchoma Bi Wino kuliko sindano ya maabara. Akautazama utosi wa mama mkwe wake, misuko ya ustadi uleule, mistari imenyooka. Wiki mbili zilizopita aliisifia misuko hiyo na kuuliza aliyemsuka ni nani. Akajibiwa, kuna msusi mmoja hivi, mkono wake mwepesi.

“Ndiye huyu?” aliuliza.

Msusi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. “Mama, huyu dada ni nani?”

Mama mkwe alikuwa amejiinamia, anafunga na kufungua zipu ya pochi. Bi Wino akajibu mwenyewe.

“Mimi ni mke wa mwanawe. Mimi ndiye B.”

“Mke?” Msusi aliganda. “Mama, uliniambia waliachana. Ulikuja saluni ukaniambia kwa mdomo wako, mwanangu hana mtu!”

“Punguzeni sauti,” Mama mkwe alinong’ona. “Watu wanatutazama.” Kisha, kama mtu aliyechoka kubeba mzigo, akamgeukia Bi Wino. “Mwanangu, nisamehe. Sikukuchukia hata siku moja. Lakini nimebaki na huyo mmoja tu, na umri unakwenda. Mbili zimetoka. Nilitaka nimwone mjukuu kabla sijafumba macho. Nikasema, akipatikana wa pembeni akazaa, tutakuja kukueleza taratibu. Leo asubuhi kaniletea hiyo kadi mbio, kaniambia, Mama, mpeleke mwenzangu upesi. Hata ugonjwa wenyewe sikuambiwa ni upi.”

Mtu wa mara moja tu. Kule kule kwenye jengo. Na akaapa kwa mama yake mzazi! Mikono ile iliyomkanda Bi Wino mgongo ndiyo iliyokwenda saluni kumtafutia mwenzake.

“Ya tatu ipo, Mama,” alisema.

“Ya tatu nini?”

“Mjukuu unayemtafuta saluni. Ana wiki saba sasa, na mwanao amemletea kaswende.”

Mama mkwe akashika kifua. Msusi akakaa chini taratibu mwisho wa benchi, mbali na wote wawili, akafunika uso kwa viganja.

“Bi Wino,” Sista aliita kutoka mlangoni.

Majibu yalikuwa tayari. Virusi vya UKIMWI havijaonekana, na Sista alisisitiza hilo neno, havijaonekana, kwa maana kipimo cha leo kinasema habari za wiki zilizopita. Atarudia baada ya wiki sita, na tena baada ya miezi mitatu. Kaswende ilionekana.

“Imenipata,” Bi Wino alisema.

“Imekupata, na inatibika. Ukichelewa inavuka na kumfuata mtoto tumboni, ndiyo inayoua vichanga. Ukichomwa leo, tunamkinga. Na baba naye atarudia sindano, maana mmekuwa mkirudishiana kama mpira.”

Akachomwa. Ilikuwa sindano ya kuuma kweli, na alijikaza, hakutoa sauti. Machozi yalipoanza kumtoka hakuyazuia, maana angalau sasa yalikuwa na kisingizio.

“Na zile dawa nyingine?” Sista aliuliza.

“Saa ngapi?”

“Saa sita na robo.”

“Bado anakuja.”

Saa saba ikagonga. Fundi hakuonekana. Bi Wino alipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Mama mkwe naye akapiga, vivyo hivyo. Saa saba na nusu ndipo alipoingia, shati limelowa jasho, macho yanakimbia huku na huku. Alipowaona watatu wamekaa benchi moja, akasimama katikati ya ukumbi kama mtu aliyekanyaga waya wa umeme.

“Ingia,” Bi Wino alimwambia. “Mengine baadaye. Ingia ukapimwe.”

Akaingia. Mlango ukafungwa. Ukumbini, kwa mara ya kwanza wanawake wale watatu walikuwa wakisubiri kitu kimoja.

Saa nane kasoro dakika kumi na mbili mlango ulifunguka. Fundi akatoka. Alikuwa anatabasamu.

“Niko safi,” alisema. “Safi kabisa. Nilijitisha bure. Haya, twendeni nyumbani tukaongee kama watu wazima.”

“Umesikia?” Mama mkwe akaruka, akamshika Bi Wino mkono. “Umesikia, mwanangu? Usimeze madawa makali ukamwua mjukuu wangu! Mume wako yuko safi. Twende nyumbani, nitakupikia, utapumzika, hakuna mtu atakayekugusa.”

Bi Wino alikuwa ameshanyanyuka nusu. Mungu wangu, alivyotaka kuliamini tabasamu lile! Alitaka kulivuta na kujifunika nalo mpaka kichwani.

Akamtazama Sista, aliyekuwa amesimama mlangoni na faili kifuani.

“Ni kweli, Sista?”

“Siwezi kukuambia ya mtu mwingine,” Sista alijibu. “Ya kwako naweza. Ushauri niliokupa asubuhi haujabadilika.”

“Si nimeshasema niko safi?” Fundi alifoka. “Utamsikiliza nani, mumeo au nesi?”

Saa nane kasoro dakika nane.

Bi Wino akautoa mkono wake mikononi mwa mama mkwe, kidole kimoja kimoja. Akamgeukia Fundi.

“Basi nitazame usoni, uniambie tena.”

Fundi akamtazama. Akafungua mdomo. Tabasamu lilikuwa bado lipo, limebaki peke yake, macho yameshaondoka.

Bi Wino akampita, akaingia ndani, akapokea kikombe cha maji. Akakiweka kidonge cha kwanza ulimini mlango ukiwa wazi, wote wakimwona, akakimeza. Na Fundi alipoona kimemezwa, akaketi sakafuni, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni.

Hakuna aliyemuuliza analilia nini. Mama yake alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Bi Wino alisimama na kikombe kitupu mkononi, na lile alilokuwa hataki kulijua sasa alilijua lote.

Ndipo yule msusi aliponyanyuka kwenye benchi. Alimpita Fundi pale sakafuni bila kumtazama, akasimama mbele ya meza ya Sista, ubavuni mwa Bi Wino, akanyoosha kiganja.

“Na mimi nipe,” alisema. “Mimi ilikuwa jana.”